Swali la Mama Kwenye Njia ya Barafu

Tarehe kumi na moja mwezi wa pili mwaka jana, siku ya Jumanne, nilimpoteza mdogo wangu. Nilikuwa naye huyo mmoja tu. Alianguka asubuhi akifunga kamba za viatu vya kazi, Ujerumani, upande wa milimani, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa na miaka arubaini na mitatu, nami namzidi kwa sita.

Alizikwa huko huko siku ya Ijumaa. Sisi nyumbani Mkongani tulimswalia sala ya ghaibu kwa kuwa maiti hatukuwa nayo, tukasoma hitima, tukapika, watu wakala, wakatupa pole, wakaenda zao. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, mikeka ya kuazima ikakunjwa ikarudishwa kwa wenyewe. Mkeka wa mama haukukunjwa. Alibaki ameukalia, mgongo ukutani, na tangu simu ya msiba ilipopigwa swali lake lilikuwa moja tu.

"Nani alimwosha?"

Inanipasa niseme mama yangu ni mtu gani, ama sivyo swali hilo litaonekana dogo. Mama ni mwosha maiti. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mwanamke akifariki Mkongani au vijiji vya karibu, kabla hata sanda haijanunuliwa, mtu hutumwa kwa mama. Ana ndoo yake ya bati, ana kata yake ya kifuu, na ana leso mbili ambazo havai popote pengine. Kwanza hutia kifundo cha mkono majini, kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, maana maiti, asema yeye, haoshwi kwa maji ya kumshtua. Akirudi nyumbani huoga, hula, kisha huuliza kama kuku wamefungiwa. Alichokiona hakisemi. Hata sisi wanawe hatujawahi kumsikia akisema fulani alikuwa hivi, fulani alikuwa vile.

Wanawake waliokuja kumliwaza walimwambia, "Mwosha huoshwa, bibi. Usiwe na wasiwasi."

Naye akawajibu, "Hilo nalijua. Mimi namuulizia mwanangu. Aliyemwosha ndiye mtu wa mwisho kumshika. Ni nani?"

Shemeji yangu, mke wa marehemu, ni Mjerumani, wala si Mwislamu, na mambo yetu hakuyajua sana kupita pilau ya Idi. Tulimpigia simu. Alilia, akasema, "Watu ya msikiti walifanya yote." Mama akaniambia nimuulize ni watu gani. Shemeji hakuwajua majina. Tukapata namba ya msikiti wenyewe. Aliyepokea alizungumza lugha ambayo sisi hatukuijua, kisha laini ikakatika, na tulipopiga tena haikupokewa. Shemeji tukaona haya kumsumbua tena, ikawa basi. Kwa mama ilikuwa kana kwamba mwanawe ameoshwa na hewa.

Hapo ndipo alipoiacha kazi yake. Mwezi wa nne alifariki mwanamke wa ng'ambo ya pili ya barabara, wakaja kumwita. Mama aliitazama mikono yake, akawaambia, "Mtafuteni mwingine. Mikono hii haina amani." Wakamtafuta mwingine kutoka mbali, na maziko yakachelewa. Ikatokea tena mwezi wa saba. Mara ya tatu alikuwa rafiki yake, mtu aliyeteka naye maji tangu wangali wasichana. Mama alikwenda matangani akakaa ukumbini pamoja na wageni kama mtu asiye na shughuli, na wakati wengine wakimwosha rafiki yake chumbani yeye alikuwa anatazama mlango. Nilikuwepo, nilimwona. Nikajua kwamba asipojibiwa atakufa ameketi juu ya mkeka ule.

Kazi ya mdogo wangu sikuwahi kuielewa, na ukweli ni kwamba sikujitahidi. Mimi ni mtunza bustani wa hoteli moja Diani, mwaka wa ishirini na mbili huu. Shule niliishia darasa la nane. Yeye alikuwa mchezesha wageni katika hoteli hiyo hiyo, ngoma jioni na mpira mchangani mchana, na ndiko alikoonana na mkewe. Alipoondoka nilimwonea wivu. Leo naweza kuliandika neno hilo, zamani nisingeweza. Akinitumia maneno kwa sauti kwenye simu kunieleza maisha ya huko, nilisikiliza nusu, nikamjibu, "Alhamdulillahi, endelea," kisha nikarudi kwenye majani yangu.

Mazungumzo ya siku moja nayakumbuka yote.

"Kaka," alisema, naye alikuwa tayari anacheka, "wewe wamwagilia nyasi zimee, mimi namwagilia barafu inenepe. Sote mpira wa maji mkononi."

"Barafu ya nini?"

"Ya watu kuteleza. Wajipakia ndani ya kitu mfano wa mtumbwi, wanne, wateremka mlima."

"Wanakimbilia nini huko chini?"

"Hata wenyewe hawajui, kaka! Wakifika wanapandishwa juu tena."

Nilimwambia niko kazini, msimamizi anapita. Msimamizi hakuwa anapita.

Kuna jambo jingine lazima nilitaje kwa sababu litakuja mbele. Nyuma ya goti la kushoto mdogo wangu alikuwa na kovu lililopinda mfano wa mundu. Kovu hilo nilimtia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye minane, tulikuwa tunalima shamba la mihogo, na jembe langu likampata. Miaka yote nimesema nilimwambia asogee, hakusikia. Sikumwambia.

Mwezi wa kwanza mwaka huu shemeji alinitumia barua ya mwaliko pamoja na tikiti. Alisema niende nikaone kaburi kabla mwaka haujatimia. Hoteli ilinipa ruhusa ya siku kumi, ingawa wageni walikuwa wengi. Siku moja kabla ya safari nilipanda Mkongani kumuaga mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Hakunitazama, alikuwa ananiandalia maneno. "Mtafute. Usiniletee watu ya msikiti, niletee mtu. Ukimpata, mpe salamu zangu. Muulize maji yalikuwa ya baridi au ya vuguvugu. Muulize alianza upande gani. Na mwisho muulize mwanangu alikuwa na alama gani mwilini."

"Lile kovu la goti?"

"Usimtajie wewe. Uliza, kisha nyamaza."

Nikaondoka na maswali hayo matatu. Njiani, ndani ya ndege, niliyasema moyoni kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau.

Baridi ya huko sitaieleza, kila aliyefika anaijua na asiyefika hataamini. Shemeji alinipa koti la marehemu. Mikono ilikuwa mifupi kwangu. Siku ya pili tulikwenda kaburini, nami sikuliona, maana lilikuwa chini ya theluji pamoja na makaburi yote ya upande ule. Shemeji alipiga magoti akaifuta theluji kwa mikono mitupu mpaka kikatokea kibao chenye jina. Nikasoma Fatiha. Udongo nilioutamani kuugusa ulikuwa mgumu kama sakafu.

Garini aliniuliza, "Mama anafikiri mimi nilimtupa?"

Nilimwambia hapana. Kisha nikaona si kweli, nikamwambia, "Hajui afikiri nini, shemeji. Anataka kujua ni nani tu."

Alikaza macho barabarani, akaendesha mpaka nyumbani.

Ijumaa nilikwenda msikitini. Ni chumba cha juu ya duka la matairi, viatu vimejaa ngazini, na waliokuwemo wengi ni Waturuki. Baada ya sala nilimwendea imamu. Yeye hakujua Kiswahili wala mimi sikujua lugha yake, hivyo ikabidi shemeji aitwe kutoka garini, akasimama mlangoni amejitanda kitambaa kichwani, akatutafsiria. Imamu alikumbuka mara moja. Aliyemwosha ndugu yangu, alisema, ni Mturuki aliyekuwa akifanya kazi naye kule kwenye njia ya barafu. Yeye huwaosha wanaume Waislamu wa mji ule wote. Ila wiki hii ni ya mashindano, hatoki kazini tangu asubuhi hadi jioni, na hata msikitini leo hakuja. Mkimtaka, mfuateni huko.

Mimi nilikuwa nasafiri Jumatatu. Basi Jumamosi, mtu ambaye hata mpira wa miguu sendi uwanjani kutazama, nikaenda kutazama mashindano ya barafu.

Njia yenyewe ni mfereji. Fikiria ule mfereji wa saruji wa kupitisha maji ya mvua kando ya barabara ya Kona ya Musa, kule Diani, kisha uufanye mkubwa, uuteremshe mlimani katikati ya miti, uupindepinde kama nyoka, na uupake barafu ndani yote. Kwenye kona kuta zake hupanda mpaka zinainama juu ya kichwa cha mtu. Watazamaji husimama kando nyuma ya kamba, wengine hutembea kwenye njia ya miguu wakiufuata mfereji kutoka juu hadi chini. Walikuja na watoto na vyupa vya chai, na wengi walishika kengele za ng'ombe, zile kubwa za shingoni. Zilipoanza kulia zote pamoja nilikumbuka mifugo ya upande wa Kinango inavyoteremshwa bwawani, nikageuka kutafuta ng'ombe.

Tulisimama kwenye kona moja kubwa. Kipaza sauti kikasema maneno, kengele zikaongezeka, kisha watu wote wakanyamaza. Nilikisikia kwa miguu kabla ya masikio, ardhi ikinguruma chini ya viatu mfano wa lori la mawe linalokuja kwa mbali. Kisha kitu kikapita. Siwezi kusema nilikiona. Niliona wekundu ukutani juu ya kichwa changu, umelala ubavu, umetoweka, na upepo wake ukanipiga usoni baada ya wenyewe kwisha kupita.

"Ndicho hicho?" nilimuuliza shemeji.

"Ndio hiyo. Bobu."

"Kimekwisha?"

"Kimekwisha, shemeji. Ngoja, itakuja nyingine."

"Tumetoka nyumbani asubuhi yote kwa hicho?"

Akacheka. Tangu nifike hakuwa amecheka. "Yeye pia alisema hivyo! Siku ya kwanza. Alisema, nirudishie tikiti yangu."

Vikaja vingine. Nikaanza kuelewa kidogo. Ndani wamo watu wanne waliokunjana, vichwa chini, wa mbele anaelekeza na wa nyuma hana anachokiona ila mgongo wa mwenzake. Huko juu huanza kwa kukisukuma wakikimbia, kisha huruka ndani mmoja mmoja. Chombo hakina injini. Chini kina vyuma vinne vyembamba vinavyoteleza, na hushushwa na uzito wao na mlima, na kosa dogo kwenye kona ya juu hulilipa huku chini. Cha sita au cha saba kiliyumba mbele yetu, kikagusa ukuta, kikajirudi, na mimi nikajikuta napiga kelele, "Simama imara! Twende!" huku nikipiga mikono ya koti la marehemu. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akanitikisia kengele yake usoni kwa furaha. Nilikuwa nimefurahi kweli. Hilo silifichi. Kisha nikakumbuka kilichonileta, nikafunga mdomo, na nikaona haya kama mtu aliyecheka matangani.

Tangu hapo sikutazama tena vigari. Niliwatazama wafanyakazi. Kila baada ya vigari kadhaa walishuka ndani ya mfereji na viatu vyenye meno, wengine na fagio, wengine na vyuma vya kuparia, wakasawazisha pale palipochunwa. Mmoja alikuwa na mpira wa maji. Hapo niliangalia kwa jicho la kazi yangu. Hakuyamwaga maji. Aliyanyunyiza mbali, membamba kama mvuke, mkono ukienda na kurudi bila kukaa mahali pamoja, akangoja yagande, akanyunyiza tena juu yake. Angeyamwaga kwa mkupuo pangeinuka uvimbe. Ndivyo miche michanga inavyomwagiliwa, maji ya kishindo huing'oa. Hilo huwezi kulifanya bila miaka ya kulirudia. Miaka kumi na moja mdogo wangu alifanya kazi hiyo, akaniambia, nikadhani ananichekesha. Alikuwa fundi. Sikuwahi kumwambia, wala sikuwahi kumuuliza swali moja la kazi.

Shemeji alisema wafanyakazi hukusanyika chini, mwisho wa njia, basi tukateremka na ile njia ya miguu. Huko chini vigari vinavyomaliza husimamishwa, wenyewe hutoka, wakavinyanyua na kuvipakia kwenye lori virudishwe juu. Tulipofika walikuwa wamekwisha kukifunika kimoja kwa kitambaa cheusi hadi chini. Wanaume wanne walikishika pande nne, wakaja nacho polepole juu ya theluji, kimya, maana hawakuwa wameshinda. Walipofika kwenye lori wakakiinua hadi mabegani. Yule wa nyuma akateleza kidogo.

Kwetu jeneza likipita huulizi ni la nani. Unaacha ulichoshika, unaingia, unatia bega hatua chache, kisha unampisha mwingine. Nimefanya hivyo tangu nilipopata kimo cha kufikia. Sikufikiri. Nilipita chini ya kamba, nikatia bega kwenye ile pembe iliyoyumba, na kinywa changu kikasema chenyewe, "La ilaha illallah."

Kijana wa kile kigari alinitazama kama aliyeona jini. Mwingine akasema kitu kwa ukali. Mtu akacheka, na wengine wakafuatia.

"Shemeji!" mke wa ndugu yangu alinishika mkono wa koti. "Wewe hapana shika hiyo! Hiyo ya mashindano, hapana ruhusa!"

Nikatoka chini yake. Hapo ndipo nilipoona nimebeba nini. Uso uliniwaka katika baridi ile ile. Nilitaka kuomba radhi, lakini lugha ya kuombea sikuwa nayo, nikainamisha kichwa tu, mkono kifuani.

Miongoni mwa wafanyakazi waliokuwa wamesimama pale alikuwapo mmoja asiyecheka. Mtu wa makamo, mfupi, masharubu yameganda nchani, ufagio mkononi. Aliuegemeza ufagio kwenye lori akanijia moja kwa moja.

"Assalamu alaikum."

"Wa alaikum salaam."

Akamwambia shemeji maneno marefu kwa Kijerumani. Shemeji alisikiliza, akaweka mkono mdomoni. Kisha akanitafsiria.

"Anauliza, wewe ndio kaka?"

"Mimi ndiye kaka yake."

"Anasema alijua. Anasema mume wangu pia alifanya hivi. Mwaka ya kwanza. Waliinua bobu, yeye alikuja kubeba, alisema maneno hiyo hiyo. Watu walicheka." Akapangusa macho. "Mimi hakuniambia."

Mimi pia hakuniambia.

Yule bwana ndiye Mturuki aliyetajwa na imamu, mwoshaji mwenyewe. Alitupeleka nyuma ya kibanda chao cha kuwekea fagio, pasipo na upepo. Alikuwa na dakika chache tu kabla ya zamu nyingine ya vigari. Nikampa salamu za mama. Alizipokea mkono kifuani, akasema, "Amin," ingawa salamu haiitikiwi hivyo, nami nikaona ni sawa.

Nikauliza la kwanza, maji. Hakusubiri shemeji amalize. Alivua glovu, akakunja mkono wa jaketi, akaonyesha kifundo, akakigusa kwa vidole vya mkono mwingine, kisha akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ni vuguvugu, si moto, si baridi. Pale pale kwenye kifundo anapopima mama.

Nikauliza la pili. Akauinua mkono wa kulia, akaupitisha hewani, kulia kwanza toka juu hadi mguuni, kisha kushoto. Akaonyesha vidole vitatu. Akanusa ncha za vidole kunionyesha karafuu maiti, ile kafuri inayotiwa kwenye maji ya mwisho. Hakukuwa na neno lililohitaji kutafsiriwa. Shemeji naye alikuwa akiutazama mkono ule unavyokwenda, akasema kwa sauti ndogo, bila kuulizwa na mtu, "Mimi nilikuwa nje ya mlango. Waliniambia kaa hapa. Nilisikia maji tu. Mengi. Muda mrefu."

Kisha nikauliza la mwisho: ndugu yangu alikuwa na alama gani mwilini? Nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Ukweli ni kwamba swali hilo sikuwa nauliza kwa ajili ya mama peke yake. Nilitaka niambiwe kwamba kuna mtu duniani aliliona kovu lile kwa mara ya mwisho, akalipitishia maji.

Shemeji alitafsiri. Yule bwana akanitazama, na uso wake ukafunga. Akashusha mkono wa jaketi. Akavaa glovu, kidole kwa kidole.

"Anasema hiyo hasemi," shemeji akaniambia.

"Mwambie mama ndiye anayeuliza. Mwambie ndiye aliyemzaa."

Akamwambia. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema sentensi fupi.

"Anasema hata kwa mama. Anasema alichoona alikifunika, na Mungu atamfunika yeye."

Nilimkasirikia. Nimetoka Mkongani mpaka kwenye theluji, nimechekwa na watu, na jibu moja ananinyima. Kipaza sauti kilianza kuita. Aliniaga kwa kunikumbatia, nami nikasimama mikono chini kama gogo. Akachukua ufagio wake akaingia kwenye mfereji. Mpaka leo naijutia ile mikono yangu iliyobaki chini.

Nilimpigia mama pale pale, kengele zikilia. Nilimwambia amepatikana, ni mtu, ni mwenzake wa kazini. Nikamweleza maji na kifundo cha mkono. Nikamweleza kulia kwanza, mara tatu, karafuu maiti. Alikuwa akiitikia, "Naam. Naam." Kisha nikamwambia, "Lakini alama amekataa kuitaja, mama. Nimembembeleza, kakataa katakata. Nisamehe."

Nikasikia amesogeza simu karibu na mdomo.

"Alisemaje? Rudia alivyosema."

Nikarudia. Alichoona alikifunika, hata kwa mama.

"Alhamdulillahi," mama akasema. Nikamsikia anavuta pumzi. "Angekutajia, ningejua mwanangu kaoshwa na mtu asiyejua kazi. Basi. Kaoshwa. Rudi salama, mwanangu."

Jumapili nilikwenda kaburini peke yangu, si mbali na nyumba yao. Theluji ilikuwa imeanguka tena. Nilifuta kibao, nikaomba dua, kisha nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba siku ile ya jembe sikumwambia asogee. Nilikaa kidogo. Nikaondoka miguu iliponifa ganzi.

Nilifika kwangu Diani Jumanne, na Ijumaa nikapanda Mkongani. Mama alinipokea juu ya mkeka ule ule. Hakuniuliza kitu tena. Tulikula samaki na ugali, akanitaka nimwonyeshe picha ya njia ya barafu kwenye simu, akaitazama, akasema, "Na watu hujitia humo kwa hiari yao?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa.

Baada ya alasiri akaja mwanamke wa jirani, amejifunga leso kiunoni, akasimama nje ya mlango. Hakuja kwa mama, alikuja kuniuliza mimi kama namjua mwosha mwingine, maana mama mkwe wake ametutoka adhuhuri na walikuwa wanahangaika.

Mama aliuliza kutoka ndani, "Nani yuko naye sasa?"

"Hakuna, bibi. Binti zake tu, wanalia."

Mama akajishika ukutani akasimama. Akaniambia nimtolee ndoo kutoka darini. Ilikuwa na utando wa buibui na kutu kidogo kwenye mshikio. Niliipeleka bombani nikaisugua ndani na nje, nikaisuuza mara mbili, na niliporudi alikuwa amekwisha kuvaa zile leso zake na ameshika kata. Alitazama ndani ya ndoo, akaipokea.

"Nifungie kuku," akasema, akatoka na yule mwanamke.

Nikawafungia kuku.